Saa Tisa Unusu Alasiri

Mhariri wa jarida hili ameniomba nitoe maoni juu ya jambo lolote lile, mradi tu lisiwe mapenzi, kwani ati kila mwaka huletewa makala ya mapenzi hadi kabati la chama linakataa kufungika. Basi mimi nitasema juu ya baiskeli. Najua watu wa dawati la nyuma wameshaanza kuguna. Naam, ni mimi yule yule mnayeniita Mama Maziwa kwa sababu ya Black Mamba yangu, nzito kama jiwe la Bunyore, isiyo na gia hata moja. Chekeni kwanza. Mkimaliza tusikizane.

Ninalosema ni hili. Mtu mwenye shughuli nyingi, hata mwanafunzi wa kutwa wa Kidato cha Tatu, anaweza kujizoeza kuendesha baiskeli masafa marefu, nasema kilomita 200 kwa siku moja, bila kuharibu masomo yake. Lakini wakati wa mazoezi hayo usitolewe kwenye usingizi. Ukiutoa huko utapoteza vyote viwili, baiskeli na masomo. Nayaandika haya sasa, wala sikungoja mwaka ujao, kwa sababu ya tangazo lililobandikwa nje ya ofisi ya walimu wiki mbili zilizopita. Nitalifikia.

Mtauliza, kwa nini kilomita 200? Huko Ufaransa kuna chama kiitwacho Audax Club Parisien ambacho kimeweka vipimo vinavyofuatwa na waendesha baiskeli wa nchi nyingi. Kilomita 200 umalize kwa saa 13 na nusu, 300 kwa saa 20, 400 kwa saa 27, 600 kwa saa 40. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Ukifika ndani ya wakati umefika. Kilele chake ni safari ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi Paris, kilomita 1,200 kwa saa 90, inayofanywa kila baada ya miaka minne. Ilianza kama mashindano mwaka 1891. Siku hizi wengi wanaoiendea ni watu wenye ajira na familia zao, na safari ikiisha wanarudi kazini kama kawaida.

Niliposoma hayo nikachukua kalamu. 200 gawanya kwa 13 na nusu ni karibu kilomita 15 kwa saa, pamoja na kula, kupumzika na kuziba pancha. Aka! Mbona hiyo ndiyo kasi yangu ya kuja shuleni kila siku? Nikajiona nimeshafika Brest. Nilichosahau ni kwamba shuleni ninakuja kilomita 11, kisha nashuka na kukaa kwenye dawati.

Sasa niwaeleze nilivyokosea, maana kosa langu ndilo linalofanywa na wengi hapa, wenye baiskeli na wasio na baiskeli.

Muhula wa kwanza nilijitengenezea ratiba ya ajabu. Tukitoka shuleni saa kumi na moja jioni, badala ya kwenda nyumbani nilizunguka na baiskeli hadi saa moja. Nikifika nilipika, nikaosha vyombo, nikalala saa nne unusu. Saa tisa za usiku nikaamka kudurusu hadi alfajiri. Hesabu yake ni saa nne na nusu za usingizi. Na mjue kwamba hakuna aliyenionya! Kinyume chake nilipigiwa makofi darasani kwa sababu nilisema ninaamka saa tisa kusoma. Katika shule zetu mtu akisema halali, anasifiwa kama aliyeshinda vita.

Wiki ya kwanza nilijisikia shujaa. Wiki ya tatu nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara nne. Halafu asubuhi moja ya mwezi wa Machi, nikija shuleni, nilisinzia nikiwa juu ya baiskeli. Sitii chumvi. Nilizinduka nikiwa mtaroni, gurudumu la mbele limepinda kama bakuli la uji, na trela la kwenda Uganda likipita mahali pale pale nilipokuwa ninaendesha sekunde chache kabla. Dereva hata hakuniona. Nilikaa kwenye nyasi nikitetemeka hadi mama mmoja muuza mandazi akaja kuniinua na kunipangusa vumbi.

Mama yangu hakugomba. Alichukua baiskeli, akaitia jikoni, akanunua kufuli. Matokeo ya katikati ya muhula yalipotoka, hesabu zangu zilikuwa zimeteremka kutoka alama 64 hadi 38. Alizitazama, akaziweka mezani, akaniuliza swali moja tu: "Sasa hii baiskeli inakupeleka wapi?" Sikuwa na jibu.

Kwa kuwa sisi wengine tuna vichwa vigumu, likizo ya Aprili nilimsihi mjomba anisemee kwa mama nijaribu zile kilomita 200 hata hivyo. Mjomba wangu ni mtu wa Busia. Alibeba abiria kwa baiskeli pale mpakani tangu siku zile ambapo bodaboda ilikuwa ni baiskeli na mto wa sponji kwenye kareria. Pikipiki zilipojaa aliacha, lakini miguu yake bado ni ile ile. Alikubali kunisindikiza. Asubuhi ile aliniangalia usoni, akasema, "Mpwa wangu, leo hutafika." Nikafikiri ananitania.

Tulipanga kwenda Busia na kurudi Luanda, takriban kilomita 160, halafu tumalizie kwa kuteremka hadi Kisian na kupanda tena, kama 40 nyingine. Busia nilifika nikijikokota. Tukirudi, pale Bumala, miguu ilikataa. Haikuwa na maumivu, ilikataa tu, kama taa stima inapopotea. Nilikaa chini ya mwembe nikalia, na mlima wa Kisian ulikuwa bado haujaguswa. Nyumbani nilirudi kwa matatu, na kondakta akanitoza nauli ya watu wawili: mimi na Black Mamba iliyokuwa juu.

Huko njiani mjomba alinifunza mambo ambayo sikuyapata kwenye kitabu. La kwanza, mwili haupati nguvu wakati unakanyaga pedali. Unapokanyaga unaubomoa, na unapolala ndipo unapojengeka. Nilidhani ni maneno ya wazee, lakini wataalamu wa afya nao wanasema hivyo, na wanasema pia kwamba vijana wa umri wetu wanahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kila usiku. Mimi nilikuwa nabomoa asubuhi na jioni na hakuna siku niliyojenga. La pili, alisema kwamba hakuwahi kufanya "mazoezi" hata siku moja maishani. Alikuwa kazini. Kilomita zilijilundika zenyewe, abiria kwa abiria, mwaka kwa mwaka. "Wewe shuleni huendi?" akaniuliza. "Basi kazi unayo tayari. Unatafuta nini tena usiku?"

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumeichosha sana kwenye insha, lakini hebu tupige hesabu yake. Kilomita 11 kuja na 11 kurudi ni 22. Mara siku 5 ni 110 kwa wiki. Mara wiki 13 za muhula ni 1,430. Ni kama kutoka Nairobi hadi Mombasa, ukarudi Nairobi, ukateremka tena Mombasa. Na zote hizo hazikuniongezea hata dakika moja kwenye ratiba, kwa kuwa shuleni lazima nifike. Kumbe sikuwa na upungufu wa wakati. Nilikuwa natafuta wakati mwingine huku ule nilio nao naupuuza.

Muhula wa pili nilianza upya. Saa nne usiku nalala, saa kumi na moja unusu naamka. Hizo ni saa saba na nusu. Bado ni chache, nakubali, lakini si saa nne. Kudurusu nilikuwekea nafasi mbili: baada ya chakula cha jioni, na ile saa nzima kabla ya masomo kuanza, kwa sababu saa moja huwa nimeshafika na darasa ni kimya. Safari ya shuleni nayo nikaigawa. Jumatatu na Alhamisi pole pole kabisa. Jumanne na Ijumaa nakanyaga kwa nguvu kutoka nguzo moja ya stima hadi nyingine, kisha naachia nguzo mbili, kisha tena. Watoto wa shule ya msingi walikuwa wakinihesabia kwa sauti.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya moyo wangu. Jumatano tulikuwa na michezo kuanzia saa tisa unusu, na mwalimu wa michezo aliniruhusu niitumie kwenye kile kilima cha nyuma ya shule. Kupanda mara sita, kuteremka mara sita. Nikitoka hapo naenda nyumbani miguu ikitetemeka kama ya ndama, lakini nafika jua likiwa bado juu.

Jumamosi ndiyo siku ya safari ndefu, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudanganyana. Wanasema, "Panga ratiba yako vizuri." Ratiba ni karatasi tu. Mimi Jumamosi yangu ilikuwa na wenyewe: mama, ndugu yangu mdogo, mahindi ya kusaga, maji ya kisimani, nguo za wiki nzima. Nikiondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa nane, kazi zangu hazikimbii porini. Kuna mtu anayezifanya. Ndiyo maana wiki ya kwanza tulikaa jikoni kama baraza la wazee, mimi, mama na kaka mdogo. Kaka akakubali kuchota maji Jumamosi, nami nikakubali kumfulia sare kila Ijumaa jioni. Mahindi nikasema nitayapeleka posho mimi, kwa baiskeli, debe limefungwa kwenye kareria, siku ya Jumapili baada ya kanisa. Na mama akatoa sharti lake: alama zikishuka tena hata kwa mbili, kufuli inarudi. Nikakubali. Mtu akiniuliza wakati niliupata wapi, nasema niliununua kwa watu wangu, na bei yake ni soksi za mvulana wa darasa la saba. Si mzaha huo, zinanuka.

Kilomita za Jumamosi zilikwenda hivi: 40, 50, 60, halafu 40 tena ili mwili upumzike. Kisha 70, 85, 100, halafu 60. Kisha 115, 130, 150, na mwisho 60. Kila wiki ya nne nilipunguza. Mtaona kwamba sikufika 200 hata mara moja; mjomba alikataa, akasema ukimaliza 150 bila kulala njiani, hizo 50 utabebwa na hamu. Mwendo wetu ulikuwa wa kuongea. Kila mara aliniuliza maswali, na nikishindwa kujibu sentensi nzima bila kuhema alisema, "Punguza, unakimbia mno." Tuliongea juu ya siasa, kuku, ukoo mzima. Nimemjua marehemu babu yangu juu ya baiskeli.

Kula nako ni kazi. Kwenye safari ndefu mwili unataka wanga kila saa, gramu 30 hadi 60 hivi. Ndizi moja ya wastani ina kama 25. Kwa hiyo ndizi mbili kila saa, au kiazi kitamu, na chupa ya maji yenye sukari na chembe ya chumvi. Pale Bumala mwezi wa Aprili nilikuwa nimekula mandazi mawili tangu asubuhi! Miguu isingekataa?

Siku yenyewe ilifika likizo ya Agosti. Tulitoka saa kumi na mbili kamili. Safari hii mlima tuliuweka mwanzo. Tukapita Maseno penye alama ya ikweta, tukateremka hadi Kisian baridi ikitukata masikio, tukageuka na kuupanda tukiwa na nguvu za usiku mzima wa kulala. Saa mbili unusu tulikuwa Luanda tena, kilomita 40 zimeisha. Tukavuka mto Yala, tukapita Ugunja, tukavuka Nzoia. Karibu na Sega nikapata pancha, dakika 25 zikaenda, kwa sababu solusheni ilikuwa imekauka ikabidi tuombe kwa fundi. Busia tukafika saa saba na dakika 10. Mjomba alitaka kusalimia watu wote anaowajua pale stendi, nikamvuta shati. Tukirudi mvua ya alasiri ikatunyeshea kutoka Bumala, na nilipoupita ule mwembe sikuuangalia. Luanda tuliingia saa moja na dakika 5 jioni, giza linaanza kushika. Saa 13 na dakika 5. Tulibakiza dakika 25.

Mama alikuwa amesimama barabarani na tochi. Alitazama baiskeli, akanitazama, akasema chai iko tayari.

Na hesabu? Mwisho wa muhula wa pili nilipata 61. Siwadanganyi kwamba baiskeli inapandisha alama. Hata zile 64 za zamani sijazifikia bado. Ninachosema ni kwamba nilizipanda kutoka 38 muhula ule ule nilioendesha kilomita nyingi kuliko wakati wowote maishani mwangu. Kilichobadilika ni usingizi.

Kuna wanaosema baiskeli si mchezo wetu, sisi ni watu wa riadha. Hao sina muda nao sana. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na alijifunza mashindano kwa Mkenya David Kinjah huko Kikuyu. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mashindano hayo hayo mwaka 2024 na akavaa jezi ya kijani hadi mwisho. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na vilima vya Kigali viliwatoa jasho mabingwa wote. Tusirudie habari ya maziwa.

Ninayempenda zaidi ni mwanamke wa Kiingereza aitwaye Beryl Burton. Huyu alikuwa mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, na kibarua katika shamba la mboga huko Yorkshire, kazi ya kuinama, kuchimba na kubeba. Hakulipwa kuendesha baiskeli. Alikuwa bingwa wa dunia wa barabara mwaka 1960 na tena 1967. Mwaka huo huo wa 1967 aliingia mashindano ya saa 12, akaendesha maili 277 na robo, yaani zaidi ya kilomita 446. Mwanamume aliyeongoza upande wa wanaume siku hiyo, Mike McNamara, naye alivunja rekodi ya wanaume, lakini Beryl alimpita njiani, na alipokuwa akimpita akampa peremende! Umbali wake haukufikiwa na mwanamke mwingine wa nchi yake katika mashindano ya saa 12 hadi mwaka 2017, miaka 50 baadaye. Ninapovaa suruali ya michezo ndani ya sketi ya shule na wavulana wakapiga mbinja, namfikiria Beryl na peremende yake.

Sasa nifike kwenye tangazo. Linasema kwamba kuanzia wiki ijayo, Kidato cha Tatu watakuwa na masomo ya ziada siku ya Jumatano pia, kuanzia saa tisa unusu hadi saa kumi na moja. Siku nyingine nne zilishachukuliwa zamani, na hatukusema kitu. Hii ndiyo iliyokuwa imebaki.

Walimu wangu, naomba radhi mapema, kwani sinuii kumvunjia mtu heshima. Najua mnaotufundisha saa hizo mnaacha kazi zenu na watoto wenu. Lakini Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zilisema shule ya kutwa ifundishe kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa unusu, halafu kuanzia saa tisa unusu hadi saa kumi na dakika 45 ziwe shughuli nje ya masomo: michezo, vyama, muziki. Chama hiki cha Kiswahili kinachotoa jarida hili kilikuwa kikikutana saa hizo. Mnakumbuka? Siku hizi tunakutana wakati wa chakula cha mchana tukiwa na sahani mapajani. Kanuni hizo hizo ziliwapa wenzetu wa bweni saa za kulala kuanzia saa tatu unusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, saa 8 na nusu kamili. Mtu aliyeziandika alijua kitu.

Nitajibiwa kwamba mtihani wa KCSE hauulizi habari za baiskeli. Ni kweli. Nami nakiri kwamba mwakani, muhula wa tatu, safari za Jumamosi nitaziacha kabisa nibaki na kilomita zangu 22 za kila siku. Kila jambo na wakati wake. Lakini hebu tuangalie saa hiyo na nusu inayoongezwa inatoka wapi. Haitoki mbinguni. Mwanafunzi anayetoka hapa saa kumi na moja anafika nyumbani karibu saa kumi na mbili, bado hajapika, hajachota maji, hajafanya kazi ya ziada aliyopewa katika hayo masomo ya ziada. Atatoa wapi? Atatoa saa tisa ya usiku, kama nilivyotoa mimi. Halafu asubuhi atasinzia, na wengi wenu hamna baiskeli, kwa hiyo mtasinzia darasani ambako hakuna trela, na hakuna atakayeogopa. Juzi katika kipindi cha jiografia nilihesabu vichwa vilivyolala kwenye madawati. Vilikuwa 14 katika darasa la watu 46. Mwalimu alikuwa anaeleza vizuri sana, tena kwa bidii.

Wala siitetei Jumatano kwa ajili ya baiskeli yangu peke yake. Kuna wasichana wa mpira wa wavu ambao wavu wao umekunjwa stoo tangu Juni. Kuna yule mvulana wa Kidato cha Pili anayepiga ngoma, sitamtaja, ambaye hana mahali pengine pa kuipiga kwa sababu kwao wamepanga chumba kimoja. Wengine hawataki chochote ila kukaa chini ya mti na kuongea na rafiki, na hilo nalo ni jambo.

Kwa hiyo mimi na wenzangu kadhaa tumemwandikia Mwalimu Mkuu barua, kwa Kiswahili sanifu kadiri tulivyoweza, tukiomba Jumatano ibaki ilivyokuwa. Tumependekeza pia kitu badala yake: wale wanaofika mapema wawe na mwalimu mmoja darasani kuanzia saa moja asubuhi, kwa zamu, kwa wanaotaka msaada wa hesabu na sayansi. Saa hiyo ipo na haitumiki. Mimi nitakuwepo, kwa kuwa huwa nipo. Barua iko kwa naibu wa kiranja mkuu, na asiyeweka sahihi bado anaweza kuiweka hadi Ijumaa.

Jibu halijaja wakati ninapopeleka makala haya kwa mhariri. Jumatano nitasukuma Black Mamba hadi chini ya kile kilima saa tisa unusu, na nitangoja hapo mpaka mwalimu wa zamu aniite au aniache nipande.